Mdai Haki Naye Atoe Haki



Nataka kusema na wanachama wenzangu neno moja lililonikaa moyoni muda mrefu. Neno lenyewe si geni. Walakini naona kwamba katika mikutano yetu twalipita kama msafiri apitaye kijiji cha kando ya njia, asisimame wala asibishe hodi.

Katika mikutano hiyo twasema sana juu ya haki zetu: mishahara, vyeo, nyumba, likizo, na uhamisho wa ghafula. Yafaa tuseme, maana mtumishi asiyedai haki yake hudhaniwa kuwa ameridhika. Tena twakubaliana sote kwamba haki hudaiwa kwa maneno, kwa barua na kwa subira, wala si kwa mawe na moto. Hapo sina la kupinga. Ninalotaka kuuliza ni hili: mtu adaiye kwa maneno, asiyeshika rungu wala bunduki, nguvu yake ni nini? Atasikilizwa kwa sababu gani? Jibu langu ni kwamba nguvu yake ni kuaminiwa. Na kuaminiwa huko hupatikana au hupotea pale dirishani tunapowahudumia raia. Nitajaribu kulionyesha hilo kwa mambo yaliyotukia, na mengi yao yametukia katika upande wetu huu wa kusini.

Kwanza tukumbuke asili yetu. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilianzishwa Tanga mwaka wa 1922 na Martin Kayamba. Alikuwa karani, mwanafunzi wa Kiungani, Unguja. Wakati wa vita vile vilivyoanza mwaka wa 1914 Wadachi walimfunga pamoja na walimu wengine wa misioni ya Kiingereza, wakapata taabu nyingi. Angaliweza kutoka kifungoni na moyo wa kisasi. Yeye alitoka akashika kalamu. Akawakusanya makarani na walimu, Waislamu na Wakristo, wakasoma magazeti pamoja, wakacheza mpira, wakaandika haja zao kwa adabu na kwa hoja. Siku zile mishahara ilipimwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu na kiwango chake, Mhindi na chake, na Mwafrika na chake cha mwisho, hata kama kazi ni moja na meza ni moja. Mwaka wa 1931 Kayamba alikwenda London, akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Alisikilizwa kwa kuwa alijulikana kuwa mtu wa kazi safi.

Kadhalika mwaka wa 1929, Waafrika walipoanzisha chama chao cha African Association mjini Dar es Salaam, rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu wa shule, Myao wa upande wetu huu. Na jina la Matola ni jina la wakuu wa Newala tangu zamani. Chama kile ndicho kilichozaa TAA, na TAA ikageuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai, 1954. Na TANU ikaipatia nchi uhuru wake tarehe 9 Desemba, 1961, pasipo vita. Basi mti huu mkubwa tulioketi chini ya kivuli chake, mbegu yake ilishikwa na mikono ya makarani na walimu.

Wako watu waliowacheka wazee hao, wakiwaita watu wa karatasi. Walisema haki haiombwi kwa wino. Mimi naona wenye kucheka walisahau kitu kimoja. Wazee wa kusini walikuwa wameona vita kwa macho yao. Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Matumbi mwezi wa Julai, 1905, vikafika kwetu mwaka ule ule, na misioni ya Masasi ikachomwa moto. Waliopigana walikuwa na sababu ya kweli: kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi, na viboko. Hapana mtu mwenye haki ya kuwadharau. Lakini Wadachi walijibu kwa bunduki, kisha kwa kuchoma mashamba na maghala. Na makumi elfu ya watu wakafa, wengi wao kwa njaa, nao ni wazee, wanawake na watoto wasioshika hata mkuki. Mtoto aliyekua katika njaa ile, alipopata kalamu mkononi, alijua kwa nini aliichagua. Huo haukuwa woga. Alikuwa amehesabu gharama.

Sasa yafaa tueleze upole ni kitu gani, maana wengi huuchanganya na unyamavu. Nitamtaja mtu ambaye Masasi yamjua. Askofu Trevor Huddleston alikuwa padre wa Kiingereza aliyefika Afrika ya Kusini mwaka wa 1943, akakaa na watu weusi wa Sophiatown, Johannesburg. Serikali ya ubaguzi ilipoanza kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu mwezi wa Februari, 1955, alisimama pamoja nao, akasema, akaandika, akaandamana. Hakumpiga mtu, wala hakunyamaza. Aliwaambia watu wa dunia waache kucheza michezo na kupeleka ngoma zao katika nchi inayobagua. Shauri hilo la kugoma bila kumwaga damu liliudhi wakuu wa Pretoria zaidi ya matusi. Wakubwa wa utawa wake wakamwita arudi Uingereza, naye akaondoka mwanzoni mwa mwaka wa 1956 kwa huzuni kubwa.

Mwaka wa 1960 aliwekwa kuwa Askofu wa Masasi, akakaa nasi hata 1968. Aliyekuwa akisikilizwa na magazeti ya dunia nzima alikuja kusafiri katika barabara zetu za mchanga, akishughulika na shule, hospitali na vijiji, nchi ikiwa ndiyo kwanza ijitawale. Mtu aweza kusema kwamba hapo aliacha mapigano yake. Mimi nasema aliyaendeleza. Adaiye usawa kwa watu wa mbali, kisha akakataa kuwatumikia walio karibu, usawa wake ni wa mdomoni. Baadaye, tangu 1981 hata 1994, alikuwa rais wa chama cha Uingereza cha kupinga ubaguzi wa Afrika ya Kusini, akaishi hata kuuona ubaguzi ule ukianguka. Alifariki mwaka wa 1998.

Liko jambo moja dogo la maisha yake ambalo nataka kila karani alishike. Askofu Desmond Tutu, aliyepewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka wa 1984, alisimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alisimama na mama yake, mpishi na mfanya kazi za nyumbani. Akapita padre wa Kizungu mwenye kanzu ndefu, naye akavua kofia yake kumwamkia mama yule. Mtoto alishangaa, kwa kuwa hakupata kuona Mzungu akimheshimu mwanamke mweusi wa kazi za jikoni. Padre yule alikuwa Huddleston. Tazameni, wenzangu, jambo lile lilikuwa na gharama gani? Halikutaka fedha, wala kibali cha mkuu, wala kura ya mkutano. Kofia iliinuliwa na kurudishwa kichwani. Lakini mtoto aliyeiona hakuisahau mpaka uzee wake. Kwa kofia ile alijua kwamba usawa hauko mbali kama anavyoambiwa.

Hapa msomaji mwenye akili ataniuliza swali gumu, nami sitaki kulikimbia. Ataniambia: Simama pale Newala, penye ukingo uitwao Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma na nchi iliyo ng'ambo. Katika uwanda wa ng'ambo uko mji wa Mueda. Tarehe 16 Juni, 1960, Wamakonde walikusanyika huko mbele ya ofisi ya Wareno. Walikuja kusema, hawakuja kupigana. Na viongozi wao walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi kwa amani wakitaka mazungumzo. Wakajibiwa kwa risasi, na watu wengi wakafa. Je, upole uliwafaa nini?

Namjibu hivi. Sithubutu kuwahukumu watu wa Mueda wala wale walioshika bunduki mwaka wa 1964, chini ya FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka wa 1962. Neno haliwezi kufanya kazi yake mahali ambapo asikiaye ameapa kuziba masikio na kuua msemaji. Upole wataka uwanja: sheria inayosomeka, ofisi inayofunguka, mkubwa anayejibu barua, hakimu anayesikiliza pande mbili. Wareno waliunyima umma uwanja huo, na damu iliyofuata i juu yao. Tena vita vile havikuwa vya bure wala vya rahisi. Vilidumu miaka 10, mpaka Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni, 1975. Maelfu walivuka Ruvuma na mizigo kichwani na watoto mgongoni, wakafika kwetu. Kazi ya upande wetu ilikuwa kuwapokea, kuwaandika, kuwatibu na kuwapa chakula na mahali pa kulima. Haikutajwa sana kama zilivyotajwa bunduki. Lakini pasipo kazi hiyo pangebaki nini?

Basi fundisho la Mueda kwetu ni hili: uwanja wa maneno ni mali ya thamani, na watunzaji wake ni sisi. Raia hamwoni Waziri. Hamwoni Katibu Mkuu. Humwona karani wa dirishani, mtendaji wa kata, mwandishi wa mizani, mpokea barua. Huyo akiwa mkweli na mwepesi, raia husema, "Serikali yasikia." Huyo akiwa mzito na mwenye majivuno, raia husema, "Kusema hakufai," na aliyekwisha kusema hivyo, mkono wake u karibu na jiwe.

Wala hatuhitaji kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Mwezi wa Januari, 2013, fujo kubwa zilitokea mjini Masasi. Majengo ya Serikali yalichomwa moto na watu wakapoteza maisha. Sisemi kwamba waliochoma walifanya vema; walifanya vibaya, na nimekwisha sema kwamba moto hauleti haki. Hukumu iliyoandikwa katika jalada lililoungua, huyo aliyeshinda ataionyesha wapi? Ofisi ikiungua, wa kwanza kuumia ni mnyonge asiye na nakala nyumbani kwake. Lakini mtumishi mwenye busara hatosheki kulaani moto. Huuliza pia kuni zilikusanywa na nani, na kwa siku ngapi. Manung'uniko hayachipuki kwa usiku mmoja.

Niliona jambo katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, wakati wa msimu wa korosho. Mzee mmoja alifika asubuhi akitoka kijiji cha mbali, amelipa nauli, ameshika stakabadhi yake ya mizani iliyokunjwa ndani ya kitambaa. Haja yake ilikuwa kuuliza kwa nini kilo zilizoandikwa katika daftari hazikulingana na zile za karatasi yake. Aliambiwa asubiri. Akapita kijana mwenye viatu vya kung'aa, akaambiwa, "Karibu, bwana," akahudumiwa. Akapita mwingine aliye jamaa ya karani, naye akahudumiwa. Saa nane mzee aliambiwa, "Njoo kesho." Hakujibu kwa hasira. Aliikunja karatasi yake akaondoka. Na jioni ile ile, karani yule yule alisimama katika mkutano wa watumishi akalalamika kwa maneno mazuri sana kwamba barua yake ya kuomba kupandishwa cheo ilikuwa imekaa mezani kwa mkubwa miezi sita bila majibu!

Wenzangu, je, pana tofauti gani baina ya barua ile ya karani na karatasi ile ya mzee? Zote mbili ni haki iliyolazwa mezani. Tofauti ni kwamba karani ana chama cha kumsemea, na mzee hana mtu ila karani. Tukisema kwamba ubaguzi wa zamani ulikuwa mbaya kwa sababu ulimpima mtu kwa rangi yake, tutasemaje juu ya dirisha linalompima mtu kwa viatu vyake? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wengine watasema: "Sisi nasi tunaonewa. Mishahara yachelewa, vitendea kazi havitoshi, watumishi ni wachache. Kwanza tupewe haki yetu, kisha tutatoa huduma." Nakubali kwamba taabu hizo ni za kweli, wala sitaki chama kiache kuzisema hata kwa siku moja. Lakini shauri la kungoja laharibu dai letu wenyewe. Tunapokwenda mbele ya wakubwa, nani atashuhudia kwamba tunastahili? Ni wananchi. Wakituona kuwa watumishi wao watasema, "Wapeni, maana hawa hutufaa." Wakituona kuwa mabwana wadogo watanyamaza, na pengine watafurahi tukinyimwa. Mdai asiye na shahidi hushindwa hata kama dai lake ni la kweli.

Tena yuko mfano wa mtumishi aliyejua kutenganisha haki yake na kazi ya watu. Mwaka wa 1953 Serikali ya wakoloni iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Rashidi Kawawa, mwana wa Songea, alikuwa mtumishi wa Serikali na rais wa chama cha watumishi Waafrika. Angaliweza kubaki kazini na kufanya siasa kwa siri, au kuchelewesha majalada ili kuwakomoa wakubwa. Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1956 aliacha mshahara wake waziwazi, akatumikia chama cha wafanyakazi, na baadaye akawa Waziri Mkuu mwezi wa Januari, 1962. Yeye hakumtoza raia wa dirishani gharama ya mapigano yake, aliilipa mwenyewe. Ndiyo maana ya upole: mtu hukubali kuumia kidogo yeye, asimwumize asiyehusika.

Basi sitaki kumaliza kwa mawaidha matupu, kwa kuwa mawaidha tumeyasikia mengi, na daftari za mikutano zimejaa. Naleta mashauri matatu mbele ya matawi yetu ya Masasi na Newala, wanachama wayapime.

La kwanza: katika kila mkutano, kabla ya kusoma manung'uniko yetu, katibu asome manung'uniko ya raia yaliyoletwa katika ofisi zetu tangu mkutano uliopita; ni mangapi, yamejibiwa mangapi, na yaliyobaki yamebaki kwa sababu gani. Atakayeona haya kuyasoma ya kwake, ajifunze jambo katika haya yake.

La pili: katika kila ofisi alimo mwanachama wetu, watu wahudumiwe kwa zamu ya kufika kwao. Mgonjwa, mja mzito na mzee sana watangulie. Wengine wote, awe tajiri au jamaa, wangoje. Tena asiambiwe mtu "Njoo kesho" pasipo kuandikiwa jina lake, shauri lake, na siku yenyewe. Atokaye Kitangari au Lulindi si mtu wa kuchezewa nauli. Mama aliyezoea taabu ya maji ya uwanda huu, aliyeshuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, asije akaona kwamba kupanda ngazi tatu za ofisi ni kugumu zaidi.

La tatu: mwanachama akishtakiwa kwamba alidai chai ili atoe huduma, chama kimtetee apate kusikilizwa kwa haki, maana haki ni ya kila mshtakiwa. Lakini ikithibitika kuwa alifanya, chama kisimfiche. Kumficha mmoja ni kuwachafua wote, na siku tutakapodai jambo kubwa, jina la huyo ndilo litakalotajwa kwanza.

Najua mashauri haya ni madogo. Hayataongeza shilingi katika mshahara wa mtu mwisho wa mwezi huu. Walakini mji wa Masasi wenyewe ulipata misioni yake mwaka wa 1876 kwa msafara wa watu waliokombolewa katika utumwa, walioletwa kutoka Unguja na Askofu Edward Steere. Watu wale walikuwa wamenyang'anywa hata majina ya kwao, na walianza kwa kufyeka majani, kujenga vibanda na kupanda mtama. Nchi haikujengwa kwa siku kubwa tu. Na sisi tunaorithi kazi ya wengi hao, hatukuombwa kufa wala kufungwa. Tumeombwa kuinua macho mtu anaposimama mbele ya dirisha, kumwamkia kwa heshima ya umri wake, kuipokea karatasi yake, na kuisoma.

Mwenye maoni mengine na alete, chama kipate kuyapima.

Mimi ni mtumishi wenu,
KARANI WA UWANDANI
Newala